Pistoni Iliyoota Ndevu

Kila asubuhi Apolonia aliamka kabla ya kuitwa. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasali, kisha akachukua ndoo na kwenda kisimani. Njiani alisikia sauti za vinu kila upande. Ilikuwa mwaka 1988, na Rwamgasa yote ilikuwa ikitwanga mawe. Dhahabu ilikuwa imeleta watu kutoka mikoa mingi, na karibu kila ua ulikuwa na kinu cha chuma na kijana anayetwanga jiwe hadi liwe unga.

"Fundi Sketi! Mwangaluka!" Mabula, mtoto wa baba yake mkubwa, kijana wa miaka kumi na saba, alimwita bila kuacha kutwanga. "Leo unafungua nini? Sufuria?"

"Mwangaluka," Apolonia alijibu salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma. "Leo nafungua kichwa chako, nione kama ndani mna kitu."

Wenzake Mabula walicheka hadi mchi ukasimama. Apolonia akapita na ndoo yake bila kugeuka. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa darasa la sita, na jina la Fundi Sketi, alilopewa kwa kushika spana, lilikuwa limeacha kumuuma.

Nyumbani alimkuta mama yake, Scolastika, akifunga kamba za viatu. Mama alikuwa muuguzi wa zahanati. Siku tatu kwa wiki alikwenda vijiji vya mbali kupima wajawazito na watoto wachanga. Zamani alikwenda kwa pikipiki. Sasa alikwenda kwa miguu, sanduku la dawa likiwa kichwani.

"Mama, miguu yako imevimba."

"Imevimba tangu Pasaka," mama alisema, "lakini bado inakubali kutembea. Mpelekee Fundi Sabiti maji ya kunywa kibandani kwake. Na usome, hata kama ni likizo."

Pikipiki yenyewe ilikuwa BSA ya Kiingereza ya mwaka 1952, nzito kama ng'ombe. Padre mmoja wa misheni alimwachia Bujiku, baba yake Apolonia, aliyekuwa katekista. Bujiku alipofariki, mama alijifunza kuiendesha peke yake katika uwanja wa mpira, huku watoto wakimkimbilia nyuma na wanaume wakishika vinywa. Aliiendesha mwaka mzima. Kisha ringi za pistoni zikaisha, moshi ukazidi, na siku moja injini ikakwama kabisa, haikuzunguka tena.

Hapo ndipo baba mkubwa Maduhu, baba yake Mabula, alipoitisha kikao cha ukoo. Yeye ndiye aliyekuwa kaka wa marehemu, na mali ya marehemu haikuweza kuamuliwa bila yeye. Alikuja na Mihayo, mnunuzi wa dhahabu mwenye miwani ya jua. Mihayo alikuwa na shimo la kuchimbia, ambalo wachimbaji huliita duara, na duara lake lilikuwa limejaa maji. Alitaka injini ya ile pikipiki aifumue na kuitengenezea pampu.

"Chuma kilichokufa hakina kazi uani," alisema Maduhu. "Tumpe Mihayo."

Apolonia alikuwa ameingia na maji ya kunywa. Mtoto hakutakiwa kusema katika kikao. Aliweka jagi chini, akapiga goti, kisha akasema:

"Yaya, hapana, baba mkubwa. Haijakufa. Imekwama tu."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Lakini haijakufa."

Watu waliguna. Maduhu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Alimtazama yule mtoto, akacheka. "Haya! Siku ya Saba Saba, kama itapanda kilima cha kanisani ikiwa imebeba watu wawili, itabaki kwa Mama Apolonia. Isipopanda, itaondoka na Mihayo siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Apolonia kabla mama hajafungua kinywa.

Katika kona ya ua wao palikuwa na kibanda alichopanga Fundi Sabiti, mtu wa Ngokolo, Shinyanga, aliyekuja kutengeneza pampu za wachimbaji. Alikuwa mpole, asiyekosa swala, na mwenye maneno machache. Jioni ile Apolonia alimfuata.

"Shikamoo, Fundi. Nisaidie kutengeneza pikipiki ya mama."

"Marahaba. Mimi nina pampu saba za watu hapa." Fundi alifikiri kidogo. "Nitakuonyesha. Macho yatakuwa yangu, mikono itakuwa yako. Ukichoka, nakuacha."

"Sitachoka."

Hakuchoka. Kwa wiki tano, kila alipotoka shule, na baadaye likizo nzima, alifungua nati, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa, akavipanga juu ya meza kwa utaratibu aliofundishwa. Alijifunza kusafisha kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Alijifunza kusaga valvu hadi zikae vizuri bila kuvujisha hewa. Pistoni ya zamani, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, ilitoka vipande viwili. Mama alitoa mbuzi wawili zizini akawauza, na dereva mmoja akaleta pistoni mpya kutoka Mwanza. Mwenye duka alisema ilikuwa ya mwisho. Hakuwa nayo nyingine na hakutarajia kuipata.

"Pistoni ni ya aluminiamu," Fundi alieleza, akiigeuza mkononi. "Ni laini. Usoni hapa ndipo mafuta yanapowakia. Sugua kwa msasa laini hadi ing'ae, masizi hayataganda, injini itapata nguvu kuliko zamani. Ukimaliza, futa kwa kitambaa safi kutoka katika kasha langu. Si kingine. Vitambaa vikiisha, fua kimoja kwa sabuni, anika, subiri kikauke. Umesikia?"

"Nimesikia."

Siku moja mchana Fundi alikwenda kutazama pampu iliyoharibika. Apolonia alibaki akisugua uso wa pistoni. Ulianza kung'aa hata akajiona pua. Alipotazama kasha la vitambaa, lilikuwa tupu. Jua lilikuwa limeinama, na kengele ya mazoezi ya kwaya ilikuwa imeshalia. Angefua kitambaa, angechelewa, na mwalimu wa kwaya hakuwa mtu wa kuchelewewa.

Juu ya uzio palikuwa na kitambaa cheupe kimeanikwa. Kilikuwa cha Mabula. Wachimbaji walichanganya unga wa mawe na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa kama fedha iliyoyeyuka, ili inase dhahabu. Kisha walikamua zebaki kwa kitambaa, dhahabu ikabaki ndani. Mama alikuwa amemwambia mara nyingi, "Zebaki ni sumu. Kitambaa cha Mabula usikiguse."

Apolonia alikitazama. Kilionekana safi. "Mara moja tu," alijiambia. Akafuta pistoni, akaiweka rafuni, akatupa kile kitambaa juu ya meza, akanawa mikono haraka na kukimbilia kanisani.

Asubuhi aliamshwa na kelele.

"Njooni muone! Njooni muone!" Ilikuwa sauti ya Mabula.

Pistoni ilikuwa imeota ndevu. Nywele nyeupe, nyembamba kama za mzee, zilikuwa zimechomoza usoni pake, nyingine ndefu kama kidole. Fundi Sabiti alizigusa kwa kijiti, zikavunjika kama majivu. Chini yake chuma kilikuwa kimeliwa, kimejaa mashimo. Na mbele ya macho yao nywele nyingine zilikuwa zikiendelea kuota polepole.

Ua ulijaa watu. Vijana wa vinu waliacha michi yao. Maduhu alifika akijipepea kwa kofia.

"Miaka ishirini ya ufundi," Fundi Sabiti alisema taratibu, "sijawahi kuona kitu hiki."

"Wala hutakiona tena," alisema Maduhu. "Huu ni mkono wa mtu. Tangu lini chuma kikaota nywele? Jana nani alipita hapa?"

Watu walitazamana. Mmoja wa vijana akasema, "Bibi Mageni alipita. Aliomba moto."

"Ahaa!" Sauti zikaungana. "Yule mwenye macho mekundu!"

Bibi Mageni alikuwa mjane aliyeishi peke yake nyuma ya mashamba ya pamba. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Apolonia alijua hivyo. Mama yake ndiye aliyempa dawa ya macho. Na alijua pia mambo yanayoweza kumpata bibi kizee ambaye watu wameshaamua ni mchawi, hata kuuawa.

 Chini ya zile nywele alikuwa ameona kitone kidogo kinachong'aa. Alikijua. Kilikuwa zebaki. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu. Watu wenyewe walikuwa wamempa pa kujificha. Moyoni alisema, "Bwana, nisaidie," bila kujua kama alikuwa akiomba nguvu ya kusema au nguvu ya kunyamaza.

Fundi Sabiti alitikisa kichwa, akairudisha ile pistoni rafuni. "Basi, tuokoe vilivyobaki," alisema. Alivuta kasha la injini, lile umbo kubwa linaloshika vyuma vyote, nalo likiwa la aluminiamu. Alikuwa amelikwangua vizuri jana yake. Akanyoosha mkono mezani, akaokota kile kitambaa cheupe ili alifute.

"Usifute!" Apolonia alipiga kelele. "Fundi, acha! Usifute!"

Mkono wa Fundi ulisimama hewani.

"Kitambaa hicho ni cha Mabula. Kina zebaki. Mimi ndiye niliyefutia pistoni jana. Vitambaa vilikuwa vimeisha, nikaona uvivu kufua. Nilikatazwa, nikafanya." Alimgeukia baba mkubwa. "Hakuna mchawi hapa. Bibi Mageni hakufanya kitu. Ni mimi."

 Fundi Sabiti alikiweka kitambaa chini kama mtu anayeweka nyoka. Akachukua pistoni, akaikwangua kwa kijiti, akaona kile kitone. Kisha akachukua kipande cha aluminiamu kilichobaki cha pistoni ya zamani, akakisugua kwa msasa, akakigusisha kitambaa, akakiweka juani. Watu walingoja. Haikuchukua muda mrefu. Nywele nyeupe zilianza kuchomoza.

"Mungu mkubwa," alisema Fundi. "Kumbe zebaki inakula aluminiamu. Ningefuta kasha hili, leo injini nzima ingekwisha. Pistoni hutafutwa, lakini kasha kama hili hulipati popote."

Maduhu hakutaka kushindwa mbele za watu. "Sawa! Hakuna mchawi, lakini kuna mharibifu, na amekiri mwenyewe. Pistoni hakuna. Mihayo aje aichukue."

Apolonia alikuwa akilia, lakini aliinua uso. "Baba mkubwa, ulisema Saba Saba. Leo si Saba Saba."

"Unabishana nami hata baada ya kuharibu?"

"Nimeharibu, nitatengeneza. Siku bado zipo."

"Zimebaki siku kumi, mtoto!"

"Ndiyo, kumi. Zote ni zangu."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa mshangao. Maduhu aliondoka akinung'unika, na watu wakatawanyika.

Mama aliporudi jioni, Apolonia alimweleza yote bila kupunguza. Mama hakumpiga. Kwanza alimwosha mikono kwa sabuni mara tatu, akamkagua kucha. Kisha akamshika mkono wakaenda kwa Bibi Mageni, na Apolonia akapiga magoti mlangoni akaomba radhi kwa dakika zile alizonyamaza.

"Ulinyamaza muda gani, mayu?" aliuliza Bibi Mageni, akimwita "mama" kwa Kisukuma.

"Kidogo, bibi."

"Kidogo hicho kingetosha," alisema bibi. Akamwinua.

Kesho yake Mama aliwaita Mabula na wenzake, akawaeleza jinsi zebaki inavyodhuru mikono, mapafu na mimba za dada zao. Pistoni iliyoliwa na kitambaa kile vilitiwa katika kopo, vikafukiwa mbali na kisima. Mabula alitazama mikono yake, akaenda kuinawa kwa sabuni.

Apolonia alilala akiwaza, akaamka akiwaza. Kwenye rafu ya Fundi palikuwa na pistoni kuukuu ya pikapu, ambayo Fundi aliitumia kuwekea misumari. Aliimwaga misumari, akachukua bikari ya kupimia, akapima. Kisha akapima silinda ya BSA, upana wa tundu na unene wa ukuta. Akaandika katika daftari lake la hesabu, akaenda kwa Fundi.

"Fundi, tundu la silinda ni milimita themanini na mbili. Pistoni ya pikapu ni themanini na nne. Ukuta wa silinda una milimita sita. Tukichonga moja kila upande, zitabaki tano. Pistoni ya pikapu itaingia."

"Pistoni ya gari katika pikipiki?"

"Injini itajua ni ya gari?"

Fundi Sabiti alifungua kinywa, akakifunga. Akachukua bikari, akapima mwenyewe mara mbili. "Pini inayoishikilia ni nene zaidi," alisema. "Itabidi tutengeneze bushi mpya, ile pete inayozunguka pini. Na hapa hakuna mashine ya kazi hiyo." Alitazama njia. "Ngokolo ipo."

Walisafiri na Mwahija, mke wa Fundi, aliyekuwa akirudi kwao kusalimia wazazi. Walipanda lori la pamba, Apolonia akiwa amepakata silinda iliyofungwa katika kanga. Walipita Bulyanhulu, wachimbaji wakipunga mikono kando ya njia, vumbi jekundu likiwafuata. Walifika Shinyanga wakiwa na nyusi nyekundu. Katika duka la vipuri walipata pistoni mpya ya pikapu na ringi zake bila shida, kwa kuwa pikapu za aina ile zilijaa nchi nzima.

Mzee Akida, jirani yao wa Ngokolo, alikuwa fundi wa kukereza vyuma. Alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na sasa alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake. Alisikiliza maneno ya Sabiti akiwa amefumba jicho moja.

"Sabiti, umeanza kuzeeka kabla yangu. Nikichonga silinda hii ikapasuka, mtasema Akida kaiharibu. Sifanyi. Na huyu binti ni wa nini?"

"Ndiye mwenye kazi," alisema Sabiti.

"Shikamoo, babu," alisema Apolonia. "Ukuta una milimita sita. Nimepima sehemu nne, juu na chini. Haitapasuka."

"Wewe umepima?" Mzee alimpa bikari. "Pima tena, nione."

Apolonia alipima. Mzee alipima baada yake.  Kisha akauliza, "Pistoni yake halisi iko wapi?"

"Iliharibika."

"Iliharibikaje?"

Fundi Sabiti alitazama pembeni. Apolonia angeweza kusema ilivunjika njiani. Alisema, "Mimi niliiharibu, babu. Nilifutia kitambaa cha zebaki ingawa nilikatazwa."

Mzee Akida alifumbua jicho lake la pili. Akaanza kucheka, mabega yakatikisika. "Mwahija, njoo usikie! Miaka thelathini na moja watu wananiletea vyuma. Vyote vilijivunja vyenyewe! Kimelala kizima, kimeamka kimepasuka! Leo ndiyo mara ya kwanza namwona aliyevunja." Akapangusa macho. "Lete silinda, binti. Mtu anayeniambia ukweli kuhusu kosa lake, hata vipimo vyake nitaviamini."

Alichonga siku mbili, polepole, akisimama kupima kila mara. Alimwacha Apolonia ashike kopo la oili na kudondoshea kisu kinachochonga. Alimtengenezea na bushi mpya ya shaba. Pistoni iliposhuka katika silinda, ilishuka kwa uzito wake yenyewe, taratibu, bila kuyumba.

"Injini hii sasa imekua," alisema Mzee Akida. "Itakuwa na nguvu kuliko ilipozaliwa."

Walirudi Rwamgasa zikiwa zimebaki siku tatu. Apolonia alikusanya injini mwenyewe, Fundi akiwa amekaa kwenye kigoda akitazama. Kila chuma kilifutwa kwa kitambaa kilichofuliwa siku ile ile na kukaushwa juani. Jioni ya tarehe sita Julai, nati ya mwisho ilikazwa. Apolonia na mama walipiga magoti kando ya pikipiki, na Fundi Sabiti, aliyekuwa akirudi kutoka swala ya magharibi, alisimama kwa heshima hadi walipomaliza.

Siku ya Saba Saba, chini ya kilima cha kanisani, walikusanyika watu wengi. Mihayo alikuja na mkokoteni wa ng'ombe, tayari kubeba injini. Alikuwa amekuja hata na spana.

Mama alivaa suruali chini ya gauni, akapanda, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mara ya tano injini ilikohoa moshi mweusi, ikanyamaza.

"Pole, Fundi Sketi," alisema Mihayo. "Leteni ng'ombe karibu."

"Ng'ombe wako watulie hapo walipo," alisema Apolonia. Alifungua plagi, ile inayowasha mafuta, akaitazama. Ilikuwa imelowa petroli. "Mama, tumeipa mafuta mengi mno." Akaikausha, akairudisha, akafunga kidogo njia ya mafuta. "Piga sasa."

Mama alipiga. BSA ilinguruma kwa sauti nzito, iliyotulia, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia hata enzi za Bujiku. Watoto waliruka. Ng'ombe wa Mihayo walirudi nyuma wakataka kuugeuza mkokoteni.

"Imewaka, lakini haijapanda!" alipaza sauti Maduhu. "Nilisema watu wawili."

"Mimi ni wa pili," alisema Apolonia.

"Wewe ni kuku tu. Mtu wa pili ni mimi."

Watu walipiga kelele za kicheko. Maduhu alikuwa na uzito wa magunia mawili. Mama alimtazama shemeji yake, akasema, "Karibu, Baba Mabula. Shika vizuri." Maduhu akapanda, na springi za kiti zikalia.

Pikipiki ilianza kupanda. Katikati ya kilima, pale penye mawe, ilipunguza mwendo hadi ikakaribia kusimama. Mama alibadilisha gia. Injini ilinguruma chini zaidi, vumbi likaruka, na gurudumu likashika. Maduhu alionekana akimkumbatia shemeji yake kwa hofu, kofia ikamtoka. Kisha wakafika juu, mbele ya mlango wa kanisa, na watu wote wakapanda mbio kuwafuata.

Maduhu alishuka akipumua kana kwamba yeye ndiye aliyembeba mtu. Alimtazama Mihayo aliyekuwa amebaki chini na spana yake. "Mihayo!" aliita kwa ile sauti ya kuita ng'ombe. "Tafuta pampu kwingine!" Kisha akamgeukia mama. "Mama Apolonia, neno langu ni neno, pikipiki ni yako. Lakini niambie kitu kimoja. Huyu mtoto nani kamfundisha ukaidi huu? Kila ninalosema, analikataa!"

Mama alizima injini. Watu walisogea wamsikie.

"Baba Mabula, kukataa si kosa siku zote," alisema. "Uliposema injini imekufa, alikataa, akafanya kazi mpaka ikawaka. Mliposema kuna mchawi, alikataa pia, ingawa kukubali kungemfichia kosa lake. Hilo la pili ndilo gumu. Mtu akiweza kukataa uongo unaomfaa yeye mwenyewe, mwache abishe. Nanyi watoto mnaonisikiliza, shikeni hili. Kosa likisemwa mapema, watu hukaa wakalitengeneza. Likifichwa, linaendelea kula. Lingekula injini yote, na lingemla bibi wa watu asiye na hatia. Mungu anasamehe, lakini lazima ufungue kinywa."

Maduhu aliipokea kofia yake aliyoletewa na mtoto mmoja. Akaikung'uta vumbi, na badala ya kuivaa akamvika Apolonia. Ilimfunika hadi puani. Watu wakacheka, naye akacheka ndani ya kofia.

"Fundi," aliita Mabula, na safari hii hakuongeza neno lingine nyuma ya lile. "Tuishushe? Tukashangilie nyumbani?"

Apolonia aliinua kofia, akaweka kiganja karibu na silinda bila kuigusa. Joto lilikuwa bado kali.

"Bado," alisema. "Injini mpya ikishawaka mara ya kwanza, nati za kichwa cha injini hulegea. Lazima ipoe, tuzikaze upya. Nani ana spana?"

Hakuna aliyekuwa nayo; ya Apolonia ilikuwa ya plagi tu. Watu walitazamana, kisha wote wakageuka kutazama chini ya kilima, alikokuwa Mihayo. Apolonia alishuka mbio kwenda kuazima spana yake.